Kutoka "nita-" hadi "hu-"

Saa mbili usiku, wateja wa mwisho wakishaondoka na masufuria yakishaoshwa, mama lishe hafungi kazi. Huianza ya kesho. Huchambua maharage kwenye ungo chini ya taa, akitoa vijiwe na punje zilizotobolewa na wadudu, kisha huyaloweka kwenye ndoo na kuifunika. Mchele nao huchaguliwa na kufunikwa. Mkaa hupangwa jikoni usiku huohuo, na kiberiti huwekwa palepale, juu ya mfuniko wa sufuria, ambapo mkono utakifikia hata kukiwa giza. Akiamka saa kumi alfajiri hakuna cha kuamua. Hajiulizi kama ana hamu ya kazi. Maharage yamelowa, mkaa uko tayari, anawasha moto.

Vitabu vya sarufi vina jina la kiambishi kinachotawala maelezo hayo: ni hu- ya hali ya mazoea. Kiambishi hiki kina tabia yake ya pekee: hakibebi nafsi. Mimi huamka, wewe huamka, wao huamka. Kitenzi ni kilekile, kana kwamba tendo limezoeleka kiasi kwamba halina haja ya kuuliza nani analifanya. "Nita-" ni kinyume chake. Nitaanza mazoezi, nitaacha soda, nitaweka akiba, nitamaliza ripoti mapema: hapo mtu yupo, tena mbele kabisa, na tendo bado liko kesho. Karibu kila swali kuhusu motisha, afya na ufanisi wa kazi ni swali la umbali uliopo kati ya viambishi hivi viwili. Aliyesema "nita-" anafikaje kwenye "hu-"?

Jibu linalosikika zaidi mijini ni hamasa. Kumbi hujaa, vitabu vya kubadili maisha huuzwa dirishani mwa magari kwenye foleni, na video fupi za wahamasishaji huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp kabla jua halijapanda. Hamasa si kitu cha kubezwa. Mtu aliyekata tamaa anaweza kuinuliwa na neno moja. Lakini hamasa imewahi kupimwa, na vipimo vinasema jambo ambalo kila anayejilaumu kwa uvivu anastahili kulisikia.

Mwaka 2002 watafiti watatu wa Uingereza, Sarah Milne, Sheina Orbell na Paschal Sheeran, walichapisha jaribio walilofanya kwa wanafunzi 248. Kundi la kwanza liliombwa tu kuandika mazoezi liliyofanya. Kundi la pili lilipewa maandishi ya kuhamasisha, yakieleza jinsi mazoezi yanavyokinga moyo na maradhi. Kundi la tatu lilisoma maandishi hayohayo, kisha kila mmoja akaandika siku gani, saa ngapi na mahali gani atafanyia mazoezi wiki ile. Katika kundi la kwanza waliofanya mazoezi walikuwa asilimia 38. Katika kundi la pili, waliohamasishwa, walikuwa asilimia 35. Katika kundi la tatu walifika asilimia 91. Waliohamasishwa walikuwa wametamani kweli kubadilika, ila hamu yao haikupewa saa wala mahali pa kutua.

Utafiti huo ulijengwa juu ya kazi ya mwanasaikolojia wa Kijerumani Peter Gollwitzer, ambaye tangu miaka ya 1990 amekuwa akichunguza mipango midogo yenye umbo la sharti: likitokea hili, nitafanya lile. Mwaka 2006 yeye na Sheeran walikusanya majaribio 94 ya aina hiyo, kuanzia unywaji wa dawa hadi kazi za masomo, wakakuta kwamba sentensi fupi ya sharti humsaidia mtu kutimiza nia yake kwa kiwango kisicho kidogo. Kiswahili hakihitaji maelezo marefu hapa, kwa sababu sharti lenyewe ni silabi moja. "Nitatembea kila siku" ni nia. "Nikishaswali alasiri, nitatembea hadi sokoni na kurudi" ni mpango. Kati ya "nita-" na "hu-" kuna daraja, nalo ni "-ki-".

Watu wa pwani wamelitumia daraja hilo kwa karne nyingi bila kuhitaji saa ya mkononi. Miadi huwekwa "baada ya magharibi". Kikao cha familia huwa "tukitoka msikitini". Adhana tano kwa siku ni vigingi vitano ambapo jambo lolote linaweza kufungwa. Bara nako kuna kengele ya kanisa, kuna maziwa yanayopaswa kufika kwenye gari la kukusanyia kabla halijaondoka, kuna daladala ya kwanza. Hata kuhesabu saa kwa Kiswahili huanzia jua linapochomoza: saa moja ni saa ya kwanza ya mchana, saa ya kwanza ya kazi. Anayetaka jambo jipya lishike hana haja ya kubuni ratiba ngeni. Kinachomfaa zaidi ni kutafuta kigingi ambacho tayari kimesimama imara katika siku yake, akalifunga hapo.

Je, huchukua muda gani kukaza? Wengi wamesikia kwamba ni siku 21. Namba hiyo ilitoka kwa Maxwell Maltz, daktari wa Marekani wa upasuaji wa kurekebisha sura, katika kitabu chake Psycho-Cybernetics cha mwaka 1960. Maltz aliona kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuizoea sura mpya kwenye kioo. Alizungumzia kuzoea pua, hakuzungumzia kuamka mapema. Lile neno "angalau" likapotea njiani, namba ikabaki, na mamilioni ya watu wakajiona wameshindwa siku ya 22.

Namba iliyopimwa vizuri zaidi ilitoka mwaka 2009. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akiwa amejichagulia jambo dogo moja: kula tunda wakati wa chakula cha mchana, kunywa maji, kukimbia robo saa kabla ya chakula cha jioni. Mshiriki wa kati alifikia hali ya kufanya bila kufikiri baada ya siku 66. Ila tofauti kati ya watu zilikuwa kubwa mno: makadirio yalianzia siku 18 hadi siku 254. Kunywa maji kulishika haraka. Mazoezi ya mwili yalichelewa. Tena kuna jambo moja katika matokeo hayo ambalo lingefaa kuandikwa kwa herufi kubwa kuliko siku 66 zenyewe: kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Aliyekosa Jumatano akaendelea Alhamisi alifika palepale na wenzake.

Mwezi wa Ramadhani unaonyesha, kwa upande mwingine, kwamba idadi ya siku peke yake haitoshi. Kwa siku 29 au 30 mamilioni ya Waislamu hubadili saa za kula, za kulala na za kufanya kazi. Mvuta sigara ambaye siku za kawaida hawezi kumaliza saa mbili bila kuvuta hukaa mchana kutwa bila hata moshi mmoja, na hufanya hivyo mwezi mzima. Kama siku 21 zingetosha, Idi ingemkuta ameshaacha. Baadhi huacha kweli, na wengi zaidi wangeweza. Lakini kwa wengi sigara hurudi, kwa sababu kilichobeba ule mwezi kilikuwa kikubwa kuliko azma ya mtu mmoja: ibada yenyewe, adhana ya magharibi inayosubiriwa na mtaa mzima, daku, futari, aibu ya kula mbele ya waliofunga, na majirani wote kuwa katika hali moja. Siku ya Idi vigingi hivyo hung'olewa, na mazingira ya zamani humpokea mtu yakiwa hayajabadilika. Mwezi huo umeshathibitisha kwamba uwezo upo. Anayetaka kuacha sigara moja kwa moja ana kazi ya kutafuta kitakachosimama mahali pa adhana ifikapo mwezi wa Shawwal.

Hapa ndipo hoja ya nguvu ya nia inapoyumba. Mwaka 1998 Roy Baumeister na wenzake nchini Marekani waliwaweka watu mbele ya biskuti za chokoleti zilizotoka kuokwa, lakini baadhi wakaruhusiwa kula figili tu. Waliojizuia walikata tamaa mapema walipopewa fumbo lisilo na jibu, na watafiti wakahitimisha kwamba nia ni kama akiba ya nguvu inayoisha kwa kutumiwa. Nadharia hiyo ilienea duniani kote. Mwaka 2016 maabara 23 zililijaribu upya wazo hilo kwa pamoja, zikiwa na washiriki zaidi ya 2,000, na athari iliyotarajiwa karibu haikuonekana kabisa.

Kilichosimama vizuri zaidi ni uchunguzi wa Wilhelm Hofmann na wenzake uliochapishwa mwaka 2012. Watu 205 katika mji wa Würzburg, Ujerumani, na viunga vyake walibeba simu zilizowauliza mara kadhaa kwa siku wanatamani nini na wanapigana na nini. Mtu angetegemea kwamba wenye kujitawala sana ndio wangeripoti vita vingi walivyoshinda. Ilikuwa kinyume. Walipigana mara chache zaidi. Maisha yao yalikuwa yamepangwa hivi kwamba vishawishi havikuwafikia kwa wingi, kama vile mama lishe asivyopambana na uvivu saa kumi alfajiri kwa sababu alishaumaliza saa mbili usiku.

Mifano mizuri kabisa ya kupanga mazingira, hata hivyo, haitoki Ujerumani. Inatoka Busia, magharibi mwa Kenya. Huko dawa ya klorini ya kutibu maji ya kunywa iliuzwa madukani katika vichupa vidogo kwa bei ndogo. Watu walikuwa wameisikia. Walijua kwamba kuhara kunaua watoto. Bado walioitumia walikuwa wachache sana. Watafiti, akiwemo mwanauchumi Michael Kremer, walijaribu bei, wakajaribu mahubiri, kisha wakajaribu kitu cha kawaida mno: tangi dogo la klorini lililofungwa kwenye nguzo kando ya chemchemi, lenye koki inayotoa kipimo kamili cha dumu moja. Mama anachota maji, anazungusha koki, anajitwika dumu; mpaka afike nyumbani, mwendo wenyewe umeshachanganya dawa. Hapo zaidi ya nusu ya kaya zikaanza kutibu maji, na bila malipo. Tangi lilikumbusha mahali na wakati uleule linapohitajika, tena mbele ya macho ya majirani.

Kibuyu chirizi cha vijijini Tanzania kina akili ileile. Ni dumu la lita tano lililotobolewa tundu karibu na mdomo na kuning'inizwa kwa kamba kwenye kijiti kilicholala juu ya panda mbili. Kamba nyingine hushuka hadi kwenye kipande cha mti chini. Ukikanyaga, dumu linainama na maji yanachirizika mkononi bila mkono kugusa chochote. Sabuni hutobolewa na kuning'inizwa pembeni. Kikiwekwa hatua tatu kutoka mlango wa choo, mtoto hunawa hata kama hakumbuki somo lolote la afya. Kikiwekwa nyuma ya jiko, hakuna atakayekizungukia.

Kwenye meza ya ofisi kanuni hiyo hufanya kazi kwa kugeuzwa. Kinachotakiwa kiwe karibu. Kisichotakiwa kisogezwe mbali. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu akiruka kutoka kazi moja kwenda nyingine kabla ya kuimaliza ya kwanza, sehemu ya akili yake hubaki nyuma, na kazi ya pili hufanywa vibaya zaidi. Kila simu inapolia kuleta ujumbe wa kundi la harusi, ripoti hupoteza zaidi ya zile sekunde za kusoma. Simu ikikaa kwenye mkoba ndani ya droo mpaka saa nne, mhasibu hapati nguvu mpya za rohoni. Anapata tu asubuhi isiyokatwakatwa.

Kuna mahali na kuna wakati, na wakati una hesabu zake kali. Katika Busia hiyohiyo wakulima wa mahindi walionyeshwa mashamba ya mfano yenye mbolea, wakaulizwa kama wataitumia msimu ujao. Asilimia 97.7 walisema ndiyo. Waliotumia kweli walikuwa asilimia 36.8. Esther Duflo, Kremer na Jonathan Robinson hawakuamini kwamba wakulima walidanganya wala kwamba walikuwa wavivu. Mkulima anayelima kwa jembe la mkono hana somo la bidii la kupewa na mtu. Walichokiona ni kalenda. Fedha huwapo baada ya mavuno. Mbolea huhitajika miezi kadhaa baadaye. Katikati kuna karo, kuna ugonjwa, kuna msiba, kuna mjomba aliyekwama. Mpango wao uliitwa SAFI: afisa alifika nyumbani mara tu baada ya mavuno, mkulima akalipia mbolea kwa bei ya kawaida wakati ule ana fedha, na mbolea ikaletwa bure wakati wa kuitia shambani ulipofika. Unafuu pekee ulikuwa huo wa kuletewa. Matumizi yalipanda kwa kiwango kilicholingana na kile cha kupunguza bei kwa nusu baadaye katika msimu. Unafuu uleule wa kuletewa bure, ulipotolewa kwa kuchelewa, haukufanya hivyo. Ile "nitatumia" ya wakulima ilikuwa ya kweli. Ilihitaji kukutana na mfuko siku ambayo mfuko haujatoboka.

Robinson alirudi kwenye jambo hilo akiwa na Pascaline Dupas, safari hii kuhusu akiba ya afya: chandarua, matibabu. Walifanya kazi na vyama vya kuchangishana, vile ambavyo Wakenya huviita chama au merry-go-round na Watanzania huviita mchezo, wenye kijumbe anayepita kukusanya. Baadhi ya wanachama walipewa kisanduku cha chuma chenye kufuli, ufunguo wakabaki nao wenyewe. Ni kibubu tu, kilekile cha bati au udongo ambacho bibi alikificha uvunguni. Matumizi yao ya fedha katika kinga za afya yalipanda kwa asilimia 66 au zaidi. Wengine walipewa kisanduku kama hicho, ila ufunguo ukashikwa na afisa wa mradi mpaka kiasi fulani kitimie. Hapo kinga haikuongezeka kwa maana ya kuhesabika, kwa sababu mtoto akiugua usiku fedha zilizofungiwa mbali hazisaidii. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2013, ni onyo zuri kwa wote wanaopenda nidhamu ya chuma. Kufuli lilifaa pale lilipompa mtu sababu ya kumwambia mjomba "zile ni za chandarua". Lilipomnyima mtu usalama, alikaa nalo mbali.

Neno "motisha" lenyewe linastahili kuangaliwa. Katika Kiswahili cha ofisini lina maana mbili kwa wakati mmoja: hamu inayotoka ndani ya mtu, na posho inayotoka kwa mwajiri. Mbili hizo hazielewani siku zote. Mwaka 1971 Edward Deci wa Marekani aliwalipa wanafunzi dola moja kwa kila fumbo walilolitegua; malipo yalipokoma, walichezea mafumbo hayo kwa muda mfupi zaidi kuliko hapo awali. Miaka miwili baadaye, watoto wa chekechea waliopenda kuchora waliahidiwa cheti chenye utepe. Baada ya wiki chache hamu yao ya kuchora kwa hiari ilikuwa imeshuka hadi karibu nusu ya ile ya watoto ambao hawakuahidiwa kitu. Kenya ya magharibi ilikuwa na mfano wake mwishoni mwa miaka ya 1990: walimu wa shule 50 za msingi waliahidiwa zawadi endapo alama za wanafunzi zingepanda. Alama zilipanda kwenye mitihani iliyohusika na zawadi. Mahudhurio ya walimu hayakubadilika, kazi za nyumbani hazikuongezeka. Kilichoongezeka ni vipindi vya kufundishia mtihani, na faida haikudumu baada ya mpango kwisha. Hii haimaanishi kwamba mwalimu alipwe kidogo. Mshahara unaotosha humwondolea mtu mashaka, na mtu mwenye mashaka ya kodi ya nyumba hawezi kuombwa akazanie mazoea mema. Ila zawadi ikifungwa kwenye alama, watu hufukuza alama.

Nguvu ambayo vitabu vya kujiendeleza vya kigeni huipa nafasi ndogo, na ambayo Afrika Mashariki imeijua kwa ukubwa wa ajabu, ni kundi. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12, watu walikusanyika katika vikundi vijijini na mijini kusikiliza kipindi cha redio, mmoja akasoma kijitabu kwa sauti kwa ajili ya wasiojua kusoma, wakajadili malaria, kichocho, safura, kuhara na kifua kikuu. Kikao hakikuishia kwenye kuelewa. Kila kikundi kilitakiwa kuamua kitafanya nini, kisha kifanye: kufukia madimbwi, kufyeka nyasi karibu na nyumba, kuchimba choo. Waliopanga walitarajia watu milioni moja. Walishiriki takribani milioni mbili. Vyoo vilivyochimbwa vilihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Siku hizi, watu wanapolipia programu za simu ili zimkumbushe kila mmoja peke yake kunywa maji, inasikitisha kwamba kampeni hiyo haizungumzwi zaidi. Redio moja iliwapa watu saa, mwenyekiti wa kikundi akawapa mahali, na jirani akawa shahidi.

Mazoea na mazoezi ni maneno ya shina moja, zoea, na vikundi vya jogging vya Dar es Salaam vinaonyesha undugu huo kila mwisho wa wiki alfajiri. Temeke, Kinondoni, Ilala: vijana, mama wa makamo na wastaafu wenye fulana za rangi moja hupita barabarani wakiimba, mmoja akianzisha na wengine wakipokea. Mwendo wenyewe si wa kasi. Asiyetokea huulizwa. Vikundi vingi huchangiana pia kwenye harusi, ugonjwa na misiba, kwa hiyo kuacha kukimbia ni kuacha zaidi ya kukimbia. Serikali nazo zimejaribu kuweka vigingi: Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, aliwataka Watanzania kufanya mazoezi pamoja kila Jumamosi ya pili ya mwezi, na mwaka huohuo Kigali ilianza kufunga baadhi ya barabara kwa magari siku za Jumapili ili watu watembee na kukimbia. Siku moja kwa mwezi haitoshi kujenga mazoea. Barabara inayofungwa mara mbili kwa mwezi, kama ilivyokuja kuwa Kigali, watoto wakiwemo na majirani wakiwemo, ina nafasi nzuri zaidi.

Anayetaka kuona vipengele vyote hivi mahali pamoja atazame kambi ya Kaptagat, karibu na Eldoret, kwenye urefu wa mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Hapo ndipo mkimbiaji wa Kenya Eliud Kipchoge alipojinoa kwa miaka mingi chini ya kocha Patrick Sang, mshindi wa medali ya fedha ya mbio za kuruka viunzi na maji katika Olimpiki ya Barcelona 1992. Dunia inamkumbuka Kipchoge kwa Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, alipokimbia kilomita 42 kwa saa 1:59:40. Kaptagat inamjua kwa mambo madogo. Saa kumi na mbili asubuhi mbio zinaanza, na huanza kwa kundi. Siku za wiki zina majina yao: siku ya uwanjani, siku ya mbio ndefu, siku ya kupandisha na kushusha kasi. Usafi wa kambi una zamu, vyoo vikiwemo, na bingwa wa Olimpiki huwekwa kwenye zamu kama wengine. Kuna chai, ugali na usingizi wa mchana. Kila zoezi huandikwa kwenye daftari, jambo ambalo Kipchoge amelifanya tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Na mara kwa mara ameeleza kwamba mazoezini hajimalizi. Hubakiza kitu, ili kesho iwezekane.

Wahamasishaji hupenda zaidi hadithi ya John Stephen Akhwari, Mtanzania aliyeanguka na kuumia goti katika marathoni ya Mexico City mwaka 1968 akamaliza wa mwisho, gizani, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Inastahili kupendwa. Lakini husimuliwa kana kwamba ushujaa ule ulishuka usiku mmoja, na mara chache msimulizi hufika mwaka 1970, Edinburgh, ambako Akhwari huyohuyo alimaliza wa tano katika marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Kati ya goti lile na nafasi ya tano kuna asubuhi nyingi ambazo hakuna kamera iliyozipiga. Vivyo hivyo kwa Mtanzania mwenzake Alphonce Simbu: shaba ya marathoni ya dunia London mwaka 2017, kisha miaka minane ya kuamka na kukimbia hadi dhahabu ya Tokyo, Septemba 2025, aliyoipata kwa tofauti ya sehemu ya sekunde.

Kipchoge mwenyewe alikatika mwaka 2012. Aliwahi kuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 akiwa na miaka 18, na sasa akakosa nafasi katika timu ya Kenya ya Olimpiki ya London. Mwaka uliofuata alijaribu marathoni yake ya kwanza, Hamburg, akashinda. Aliyabadili mashindano. Kocha, kundi na daftari vilibaki vilevile, na ndivyo alivyokuwa na mahali pa kurudi.

Mama lishe naye hukatika. Huja msiba kijijini, na kibanda hufungwa siku nne au tano. Mkaa hubaki kwenye gunia na ungo huning'inia msumarini. Hurudi kwa basi la jioni akiwa na uchovu wa safari na macho ya kulia. Hupita dukani kwa kilo mbili za maharage kabla hajafika nyumbani. Usiku huohuo, chini ya taa, huyachambua, huyaloweka, hufunika ndoo, na kiberiti hukiweka palepale pake.